Neno la Kufuta

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Sumbawanga watu hulala na soksi. Nilikuwa sebuleni kwa binamu yangu, shuka limenizunguka mabegani, kompyuta yake mpakato mapajani, nikisafisha folda ambayo nilikuwa nimeijaza mwenyewe kwa siku nne. Niliandika herufi mbili, nikaacha nafasi, nikaweka nyota, nikabonyeza Enta.

rm *

Nikasubiri kuulizwa swali. Swali halikuja. Alama ya kuandikia ilishuka mstari mmoja, ikakaa inapepesa kama kibarua aliyemaliza kazi na anangoja nyingine. Niliandika ls, amri ya kuorodhesha vilivyomo ndani ya folda. Hakikuorodheshwa kitu. Niliandika tena, polepole, kana kwamba kosa lilikuwa la vidole. Mafaili 23 ya sauti yalikuwa yameondoka kwa muda usiotosha hata kupiga chafya.

Tangu usiku ule nimekaa na swali moja: mtu aliyejizungushia vizuizi vya kumkinga asikosee, je, ni mtu mwangalifu?

Nianze na dirisha lenyewe, maana wengi wetu tumekua na kompyuta za kubofya picha. Terminali ni dirisha la maandishi matupu. Unaandika amri, kompyuta inatenda. Programu inayopokea amri hizo huitwa sheli (si ile ya mafuta), na mojawapo ya sheli zilizoenea sana kwenye Linux ni Bash, ambayo Brian Fox aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Amri zenyewe nyingi ni za zamani zaidi. Zilitokana na Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, enzi ambazo watu walizungumza na kompyuta kupitia mashine za kuchapa zilizokwenda kwa kujivuta. Kila herufi ilikuwa na gharama yake. Ndiyo maana majina ya amri ni mafupi kama maneno ya mtu mwenye haraka: cp ni nakili, mv ni hamisha, rm ni ondoa. Na kazi ikifanikiwa, dirisha halisemi "tayari". Linanyamaza tu.

Utamu wa sheli ni kwamba inakuruhusu kuzipa amri majina yako mwenyewe. Kuna faili dogo lililofichwa, .bashrc, ambalo sheli hulisoma kila inapofunguka. Ukiandika humo mstari unaoanza na neno alias, umetunga lakabu: jina fupi linalosimama badala ya amri ndefu. Nilipoanza shahada ya uzamili ya isimu nilitumia wikendi kadhaa kutunga lakabu zangu. Neno orodha likawa ls -lh. Neno nyumbani likanirudisha kwenye folda yangu kuu. Neno rudufu likasimama badala ya amri ya mistari miwili ya kunakili kazi zangu kwenye diski ya nje. Hata ile alama inayokualika kuandika niliibadili, ikawa inaniambia: Haya, sema.

Usicheke. Kwa mtu aliyejifunza kompyuta kwa lugha ya watu wengine, lile "Haya, sema" lilikuwa na maana. Sikuwa wa kwanza kutamani hivyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Mimi nilikuwa nafanya jambo dogo la aina hiyohiyo, kwenye mashine moja, kwa ajili ya mtu mmoja.

Katikati ya lakabu hizo niliweka moja ambayo sikuitunga:

alias rm='rm -i'

Ile -i inaiamuru rm iulize kabla ya kuondoa kila faili. Unajibu y, linaondoka. Unajibu n, linabaki. Ushauri huu umeenea sana miongoni mwa wanaojifunza Linux, na mifumo ya ukoo wa Red Hat humwekea mtumiaji mkuu lakabu hiyo tangu mwanzo. Nikaona ni busara. Rm haina kapu la taka, ikiondoa, imeondoa. Nani asiyetaka kuulizwa kwanza?

Kilichofuata kilinijia bila kukitambua. Kwa kuwa rm ilikuwa inauliza siku zote, niliacha kuiogopa. Kisha nikaanza kuitumia kama ungo. Nikitaka kusafisha folda yenye mchanganyiko, niliandika rm * huku nikijua kwamba nitaulizwa faili moja baada ya jingine, nami nitapepeta: hili n, hili y, hili n. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili. Sikupoteza hata faili moja. Kama ungeniuliza, ningekuambia kwamba mimi ni mwangalifu sana na data zangu.

Halafu kioo cha kompyuta yangu kikafa nikiwa Rukwa, katikati ya kazi ya uwandani.

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya msamiati wa Kifipa wa ufuaji chuma. Uwanda wa juu wa Ufipa, takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ulikuwa nchi ya wayeyushaji chuma. Hadi leo ukipita mashambani huko unaweza kukuta tanuru refu la udongo limesimama peke yake kati ya mahindi, refu kuliko mtu. Hilo ni ilungu. Yakiwa mengi ni malungu. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Lakini kilichotoka humo kilikuwa bado hakijafaa kwa jembe wala shoka. Kilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, lenye kupulizwa kwa mivukuto, kikasafishwa humo. Hilo la pili lina jina lake: kintengwe.

Mzee niliyemrekodi, katika kijiji kimoja cha Nkasi, hakuwahi kuyeyusha chuma mwenyewe. Baba yake ndiye aliyeyeyusha. Yeye alikuwa mtoto wa kutumwa kuni na maji, na alipokua alifua vyuma chakavu kama wahunzi wengi wa rika lake. Tulikaa barazani kwake siku mbili. Mkewe alikuwa jikoni, mlango wazi, akisonga ugali na kusikiliza. Mara kwa mara sauti yake iliingia kwenye kinasa sauti changu bila kualikwa. Mara moja mzee aliposimulia mivukuto ilivyopulizwa, akasema ni kwenye ilungu. Kutoka jikoni ikaja sauti: "Ilungu halipulizwi. Sema kintengwe." Mzee akacheka, akajirekebisha, akaendelea. Mimi nilitabasamu, nikaandika dakika ya tukio pembeni mwa daftari. Kwa mwanaisimu, ule ulikuwa mfano bora kuliko saa nzima ya mahojiano. Mzungumzaji mmoja alikuwa akilinda mpaka wa neno mbele ya mwingine, bila kuombwa na mtu.

Niliporudi mjini niliazima kompyuta ya binamu yangu, mwalimu wa sekondari. Linux iliyokuwamo nilimwekea mimi mwenyewe mwaka uliotangulia. Nilinakili rekodi zote humo, nikaifuta kadi ya kinasa sauti, nikaenda kijiji kingine na kuijaza upya. Kisha usiku ule wa Julai nikataka kuondoa rekodi mbovu, zile za upepo na za majaribio. Nikapepeta kama nilivyozoea. Ila kwenye mashine ile rm ilikuwa bado na maana iliyonayo kwa watu wote: ondoa.

Nilihangaika hadi alfajiri. Kuna programu iitwayo PhotoRec ambayo huchimba diski kutafuta mabaki ya mafaili yaliyofutwa. Ilinirudishia tisa kati ya 23. Lakini PhotoRec hurudisha yaliyomo bila majina. Kila faili lilikuja na herufi moja na safu ya tarakimu. Ilinibidi nisikilize moja moja ili nijue sauti ni ya nani. Sehemu ya jikoni haikuwamo.

Asubuhi binamu yangu alinikuta mezani na chai iliyopoa. Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mdogo wangu, kompyuta yangu haina kosa."

Ni kweli, haikuwa na kosa. Lakini nani alikosa? Jibu jepesi ni kwamba nilizembea: ningekuwa na nakala rudufu, yasingetokea. Nakubali, na kosa hilo ni langu. Ila jibu hilo linaeleza kwa nini hasara ilikuwa kubwa. Halielezi kwa nini mkono wangu uliandika amri ya kuangamiza kila kitu bila moyo kushtuka. Mkono ule ulikuwa umefundishwa, na mwalimu wake alikuwa ile lakabu ya usalama.

Hapo ndipo nilipofikia jibu langu la kwanza: kwa miaka miwili sikuwa mwangalifu. Uangalifu ulikuwa wa mstari mmoja ndani ya .bashrc, mimi nikiuazima kila siku na kuuita wangu. Mtu hujua kilicho chake siku anapoondoka nyumbani. Nilipotoka kwenye mashine yangu, nilitoka bila uangalifu, kama mtu aliyesahau koti lake msumarini akagundua baridi iko njiani.

Nilimwambia binamu yangu hivyo, naye hakukubali. "Kwani mkanda wa gari ni dhambi?" akauliza. "Helmeti ya bodaboda je? Mbona unataka watu wafe ili waonekane waangalifu?" Yeye ni mwalimu wa fizikia, hapendi maadili yanayopuuza mgongano wa vitu viwili.

Ana haki. Binadamu hachoki kukosea, na mwenye hekima hujenga vizuizi. Sitaki kumsifu mtu anayefanya kazi bila kinga eti kwa sababu ana moyo wa umakini. Ila kuna tofauti ambayo ilinichukua siku nyingi kuiona. Mkanda wa gari haubadili maana ya pedali. Ukiufunga au usipoufunga, breki ni breki na mafuta ni mafuta, kwenye gari lako na kwenye la jirani. Nilichofanya mimi ni kingine. Nilichukua pedali ya mafuta nikaifanya iulize kwanza, "Twende?" Kisha nikazoea kuikanyaga mpaka mwisho, nikingoja swali. Mtu wa namna hiyo hafai kuazimwa gari la mwenzake.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza nililirekebisha. Kosa langu halikuwa kujiwekea kizuizi. Kosa lilikuwa kukiweka ndani ya neno lisilo langu. Rm ni neno la wote. Mamilioni ya mashine duniani yanalielewa kwa namna moja, na mimi, chumbani kwangu, niliamua kwamba kwangu litakuwa na maana ya kuuliza. Orodha, nyumbani na rudufu hazikumdhuru mtu. Yalikuwa majina mapya. Ningeyaandika kwenye mashine ya binamu yangu, ingenijibu kwamba haiyajui, nami ningesimama. Jina jipya likifika ugenini hukataliwa, na kukataliwa huko ni usalama. Neno la wote lililogeuzwa maana likifika ugenini hupokelewa, likatenda kile ambacho halikuwa likitenda nyumbani.

Tuna mfano wetu wa jambo hili, mkubwa kuliko folda yangu. Takrima ni neno zuri. Ni ukarimu, ni heshima ya mwenyeji kwa mgeni. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima wakati wa kampeni, na ilipofika 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Sheria ikabatilishwa, lakini neno halikurudi kama lilivyokuwa. Mtangulize mtu leo kwa neno takrima uone atakavyokuangalia. Neno la wote likishatumiwa kufunika kitendo kingine, wanaolitaka kwa maana yake halisi hawana tena pa kulishika. Hiyo ni hasara ya umma, hata kama aliyelipindisha alisema nia yake ilikuwa njema. Yangu pia ilikuwa njema.

Sheli, kwa bahati, ina dawa ambayo lugha ya kawaida haina. Kuna amri iitwayo type. Ukiandika type rm, unaiuliza sheli: neno hili hapa kwako ni nani hasa? Kwenye mashine yangu inajibu kwamba rm ni lakabu ya rm -i. Kwenye ya binamu yangu inajibu kwa kutaja mahali programu yenyewe ilipokaa. Swali la sekunde mbili. Laiti ningeliuliza. Waelezao jina la mji wetu husema ni Kifipa cha "tupa uchawi": sumba, tupa; wanga, uchawi. Sijui kama waliotuachia jina hilo walifikiria uchawi wa aina ngapi. Mimi namwogopa mmoja siku hizi, nao ni jambo linalotenda kazi kwa jina lisilo lake na halina amri ya kuliuliza.

Nilirudi Nkasi baada ya wiki moja. Hiace hadi Namanyere, bodaboda kutoka hapo. Nilijitayarishia maneno njiani, na barazani yote yakanipotea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umesahau nini?"

"Nimepoteza sauti zako, babu. Nilizifuta mwenyewe. Nakuomba radhi."

Akaniangalia kidogo. Akauliza kama ni mashine iliyofuta au ni mimi. Nikasema ni mimi. Akauliza kama zile karatasi za maandishi ninazo. Nikasema ninazo. "Basi kaa," akasema, "tutarudia. Ila mimi si redio." Alimaanisha kwamba hatasema yaleyale, na hakuyasema. Masimulizi ya pili yalikuwa mafupi, yamenyooka, hayana mikato ya kicheko. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda Mpanda, binti yao amejifungua. Mzee alipofika kwenye mivukuto alisema kintengwe bila kukosea. Jikoni palikuwa kimya.

Hapo ndipo jaribu lenyewe liliponifikia. Nilipokaa kuandika sura ya data, nilikuwa na daftari lenye dakika ya tukio, na nilikuwa nakumbuka sentensi ya yule bibi neno kwa neno. Kila mfano katika tasnifu yangu una namba ya rekodi. Mkono uliandika mfano ule, ukaandika namba. Nani angeenda kuitafuta? Sentensi ilisemwa kweli. Niliisikia. Sikuwa nabuni kitu.

Nilikaa na mstari ule jioni nzima. Namba ya rekodi kwenye tasnifu ni neno la wote. Kwa kila msomaji ina maana moja: sauti ipo, njoo uisikilize. Kuitumia kwa maana ya "naapa nilisikia" ilikuwa rm ileile, nimeibadilishia tu folda.

Niliifuta namba. Nikaandika kwamba mfano huu unatokana na kumbukumbu na daftari la mtafiti, na kwamba rekodi yake ilipotea kwa kosa la mtafiti. Msimamizi wangu alisoma, akanieleza kwa ustaarabu kwamba kwa hali hiyo hauwezi kubeba hoja kuu ya sura, uende kwenye tanbihi. Hoja ikadhoofika, na sura ikapungua kurasa sita.

Kwenye .bashrc nimefuta ule mstari. Nimetunga lakabu mpya, kando, ambayo haiondoi chochote. Inahamisha faili kwenye folda ya kusubiri, ambayo naipitia kila Jumamosi kabla ya kuisafisha. Kwenye mashine ya mtu mwingine kando haipo, na sheli huniambia hivyo. Rm nimeiacha na maana yake. Kila ninapoiandika, moyo unashtuka kidogo, nami naanza na ls.

Binamu yangu aliponiuliza kama sasa nimekuwa mwangalifu, sikumjibu. Nilimwomba afungue terminali yake tuandike type pamoja, neno moja baada ya jingine. Yule bibi, nasikia, amesharudi kutoka Mpanda. Nitakwenda tena Desemba, na safari hii kinasa sauti nitakiweka karibu na jikoni, nikimwomba ruhusa kwanza.